Hicho si kijembe, ni tusi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie neno moja tu. Neno lenyewe ni kijembe, na gazeti lako limelichosha. Halipiti juma bila kichwa cha habari kutuambia kwamba fulani amrushia kijembe fulani. Ukishuka chini kukitafuta hicho kijembe, unakuta mheshimiwa kasimama jukwaani, kamtaja mwenzake kwa jina lake na la babake, kamwita mjinga, basi. Kijembe kiko wapi hapo? Huyo katukana. Kwetu mtoto akisema hivyo huambiwa afunge mdomo, hasifiwi kwamba amepiga kijembe.

Mimi si mwalimu wala mwandishi. Nauza kanga Ngamiani, hapa Tanga, kazi niliyoirithi kwa mama, aliyekuwa akivuka Horohoro kwenda Mombasa, mtaa wa Biashara, kuchukua kanga za "Mali ya Abdulla" zikiwa bado zanukia dawa ya kiwandani. Kwa sababu ya kazi hiyo vijembe nimevishika kwa mikono, nimevikunja na kuvipanga rafuni. Neno hili likichezewa, nadhani na mimi nina haki ya kulalamika.

Asiyezijua kanga (na wapo, hasa vijana wa kiume wa chumba chenu cha habari) ajue kwamba kanga ina pindo kuzunguka, ina mji katikati, na chini ya mji pana maneno. Maneno hayo twayaita jina. Mteja wa kweli akiingia haanzi na bei. Anauliza, "Hii yasemaje?" Zamani kina mama wengi hawakuwa wakisoma, kwa hiyo muuza kanga ndiye aliyekuwa msomaji wa mtaa. Unaitandaza doti, yaani jozi ya kanga, unasoma kwa sauti, mteja anasikiliza kainamisha kichwa, halafu anasema, "Soma tena." Akisema soma tena, ujue kuna mtu.

Wanaume ndio hawasomi. Wao hununua rangi. Alikuja kijana mmoja kumchukulia mama mkwe wake zawadi ya Idi, akachagua doti ya zambarau, nzuri kweli, akatoa na pesa. Nikaona si haki kumwacha aende hivyo. Nikamsomea: "Hasidi hana sababu." Aliirudisha rafuni kama imemuunguza.

Sasa nisikilizwe vizuri hapa. Kuna kanga imeandikwa, "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake." Imechapwa kwa wingi kiwandani, haimjui mtu yeyote. Mteja wangu anainunua, anaikata, anaipinda, na Ijumaa jioni anajifunga na kupita nayo mbele ya nyumba fulani, taratibu, maneno yamekaa nyuma panaposomeka. Mdomo hajaufungua. Mwenye nyumba akitoka na kumuuliza, "Hiyo kanga waniambia mimi?" jibu alishaondoka nalo dukani: "Mimi nimependa rangi tu, shoga."

Nimependa rangi. Sheria yote ya kijembe imo humo. Aliyekitoa lazima abaki na mlango wa kutokea, na aliyekusudiwa akikasirika awe amejitaja mwenyewe. Akisema "hiyo yangu," amekiri. Akinyamaza, kimempata, na watu wameona kimempata. Ndiyo maana kijembe hakina anwani. Ukikiandikia anwani kimekuwa barua, kama hii ninayokuandikia wewe.

Na jina lenyewe linasema. Kijembe ni kisu kidogo chenye makali, cha kuchanjia. Huhitaji nguvu kukitumia, na aliyechanjwa huona damu kabla hajasikia maumivu. Anayekuja na panga mchana kweupe akipiga kelele hawezi kusema amekuja na kijembe. Ajabu ni kwamba chuku nayo, ile pembe ya kuumikia watu baada ya kuwachanja, imeingia katika maneno yetu vilevile, na kupiga chuku magazeti yanakujua vizuri mno. Kilichopotea njiani ni hicho kisu kidogo.

Mjukuu wangu mmoja, aliyeko chuoni, ananiambia, "Bibi, siku hizi ni yote hayo hayo. Kijembe, dongo, mpasho, utani, kuchana." Hapana. Utani una ruhusa. Mtani wako anakuja msibani, anajilaza ndani ya kaburi na kusema hazikwi hapa mtu mpaka alipwe, anaigiza mwendo wa marehemu na kikohozi chake, na wafiwa wanacheka machozi yangali mashavuni. Nani atamfukuza? Haki hiyo kazaliwa nayo, Mzaramo kwa Mnyamwezi, Mchaga kwa Mpare. Wajukuu zangu wa kiume huniita mke wao, nami huwajibu kwamba hawana mahari ya kunitosha. Hakuna anayejificha, kwa sababu hakuna haja. Kijembe hakina ruhusa ya mtu, ndiyo sababu lazima kijifiche.

Mpasho ni kinyume kabisa. Kumpasha mtu ni kumpa habari zake, uso kwa uso, azipate zote. Kumsuta ni zaidi: wanawake wanajikusanya na ngoma mpaka mlangoni, jina linatajwa, kosa linatajwa, na majirani wanaalikwa kusikia. Dongo nalo hurushwa, na aliyelirusha anaonekana mkono ukiwa bado juu. Mengi mnayoyaita vijembe ni madongo, na yaliyobaki ni matusi. Kejeli na kebehi sizigusi, hizo mnazitumia sawasawa.

Nadhani aliyetuchanganya ni taarabu. Miaka ya 1990, vikundi vya Muungano na TOT vilipokuwa vikishindana huko Dar es Salaam, watu walizoea kusikia waimbaji wakijibizana waziwazi jukwaani, na neno mpasho likameza maneno mengine yote. Sisi tuliokulia Tanga, mji wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, tulikuwa na utaratibu mwingine. Wimbo unaimbwa juu ya ua, au chombo kilichokwenda mrama, au ndege aliyehama mti. Hatajwi mtu. Mwimbaji hana ugomvi na yeyote, pengine kafika mjini siku hiyo hiyo. Basi ubeti fulani unapofika, mwanamke mmoja anainuka kitini kwenda kutunza. Anakwenda polepole, noti kaishika juu kwa vidole viwili. Anapita pale ambapo hakuwa na haja ya kupita. Akifika mbele ya kiti fulani anapunguza mwendo, anauimba ule mstari kwa midomo bila sauti, shingo imegeuka kidogo tu, halafu anasonga mbele, anaitia noti mkononi mwa mwimbaji na kurudi kwa njia nyingine. Ukumbi mzima umeshaelewa. Kijembe ni chake yeye aliyetunza, si cha aliyeimba, na bei yake ni ile noti. Nimeona ugomvi wa harusini ulioanzia kwenye noti moja. Mwandishi wenu angekuwepo siku hiyo, angekwenda kumhoji mwimbaji.

Lakini kijembe kizuri kuliko vyote nilivyovishuhudia hakikuwa na hata neno moja jipya. Majirani wawili wa mtaa wetu waligombana kwa pesa za upatu. Mmoja alikuwa ndiye kijumbe, mkusanyaji wa pesa hizo, mwenzake akadai zamu yake imerukwa. Ugomvi wa kijumbe ukaleta kijembe, kama mnavyoweza kukisia. Yule kijumbe akaja kwangu akachukua ile ile ya hasidi hana sababu, ya zambarau, na asubuhi akaivaa kufagilia mbele ya nyumba, akifagia mahali palipokwisha kuwa safi. Mtaa ukasubiri jibu. Tukadhani yule wa pili atatafuta maneno makali zaidi, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshamtengea doti fulani. Akaja. Akaziangalia zote. Akasema, "Nipe kama ya jirani yangu." Rangi ile ile, jina lile lile. Sikuuliza. Jioni akaoga, akajifukiza udi, akajifunga kanga yake mpya na kuketi barazani mkabala na mwenzake, akawa anasalimia wapita njia. Sasa wamekuwa sare, kama ndugu wa bwana harusi! Yule wa kwanza akiivaa tena, wamefanana. Akiivua, ameshindwa. Na hasidi ni yupi kati yao, hakuna tena wa kusema. Ile kanga ya kijumbe sikuiona tena nje ya nyumba yake.

Hakuna aliyemtaja mtu. Hakuna aliyesema "namaanisha wewe." Na watu walicheka mpaka wale wawili wenyewe, baada ya siku kupita, wakaanza kucheka.

Msidhani basi kwamba haya ni mambo ya wanawake na ukewenza. Nendeni kwenye mpira. Simba kuitwa Mikia, Yanga kuitwa Kandambili, au kuitwa Vyura kwa sababu ya mafuriko ya Jangwani yaliko makao yao, huo ni utani, na ninyi wenyewe mnawaita watani wa jadi, mko sahihi. Ila Novemba 2023, Yanga walipoifunga Simba mabao 5-1, palikuwa na kijana wa bodaboda hapa kwetu aliyekuwa na adabu ya ghafla. Kila mzee wa Simba aliyemkuta kwenye baraza ya kahawa alimwamkia kwa heshima zote, "Shikamoo mzee," huku mkono wa kulia kauinua, kiganja wazi, vidole vyote vitano vimetanuliwa. Mzee afanyeje? Shikamoo haikataliwi. Ikabidi waitikie marahaba, mmoja baada ya mwingine, mbele ya wanywa kahawa. Kijana hakutaja Simba, hakutaja Yanga, hakutaja bao. Amewasalimia wazee wake. Hicho ndicho kijembe, na sikukisoma katika gazeti lolote.

Kinachoniudhi zaidi ya kichwa cha habari ni hiki: siku mnapokipata kijembe cha kweli mnakiua wenyewe. Kuna mwanasiasa aliwahi kusema mkutanoni kwamba katika msafara wa mamba na kenge wamo, akanyamaza, akanywa maji. Watu wakaangua kicheko, kila mmoja kenge wake kichwani. Ilikuwa kazi safi. Kesho yake gazeti likaandika kwamba kauli hiyo "ilionekana kumlenga" fulani, likataja na wadhifa wake. Kisha mwandishi akampigia simu kenge kumtaka maoni yake! Kenge naye, mtu mzima, akajibu kwamba yeye si kenge. Aliyesema akalazimika kutoa ufafanuzi. Siku tatu nzima tulisoma ufafanuzi. Kijembe kikishafafanuliwa hakirudi tena, na msomaji aliyekuwa amefurahi kukifumbua mwenyewe anaona amenyang'anywa.

Magazeti hayakuwa hivi. Baba yangu alikuwa na vipande vya Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, alivyovihifadhi ndani ya bahasha kwa ajili ya mashairi ya wasomaji. Mtu wa mji mmoja anatupa fumbo, wa mji mwingine analijibu katika toleo la baadaye, kwa vina vile vile, na katikati ya heshima za "ndugu mpendwa" pamefichwa makali ya kutosha. Mhariri hakuweka maelezo chini yake kutuambia nani kakusudiwa nini. Baba na rafiki zake waliyabishania mashairi yale mpaka taa inaishiwa mafuta. Nadhani mhariri yule alijua wasomaji wake wana akili.

Utaniambia zama zimebadilika, watu wana haraka, wanasoma kwenye simu. Hebu angalieni hizo simu zenyewe. Watu wanaweka nini kwenye status zao za WhatsApp? "Wengine tukinyamaza si kwamba hatujui." Imeandikwa kwa watu wote, imekusudiwa mtu mmoja, na aliyeiandika anakesha akiangalia kama jina la mtu huyo limetokea kwenye orodha ya waliotazama. Likitokea, kazi imekwisha. Akiulizwa, atasema ameikuta mahali tu, ameipenda. Hiyo ni kanga, mwanangu, haina pindo tu. Vijana hawajasahau kijembe ni nini. Ni vichwa vyenu vya habari vilivyosahau.

Na mimi si kwamba nagombea neno kwa sababu ni la biashara yangu. Anayemtaja mwenzake na kumwita mjinga hajafanya kazi yoyote. Hakufikiri, hakupima, hakujiwekea mlango wa kutokea. Ninyi mkiandika kwamba amerusha kijembe, mmempa sifa ya ufundi mtu aliyekosa adabu, na kesho atarudia kwa sauti kubwa zaidi, maana ameona kunalipa na kuna picha ukurasa wa kwanza. Andikeni "amtukana." Ni neno fupi kuliko "amrushia kijembe," linaokoa hata nafasi. Kama mnaogopa kuliandika kwa sababu mheshimiwa atakasirika, mimi naona bora akasirike yeye kuliko kudanganywa sisi.

Yuko mtu mmoja katika gazeti lenu ambaye barua hii haimhusu, naye ni mchoraji wa vibonzo. Yule huchora bwana mnene kakalia gunia, pembeni watoto wamebeba sahani, hakuna jina, hakuna mshale, na hapa sokoni kila mtu anamjua huyo bwana ni nani. Sijasikia hata siku moja amelazimika kufafanua. Naomba meza yake isogezwe karibu na ya wanaoandika vichwa vya habari.

Muuza kanga,
Ngamiani, Tanga